Fundi Chuma Hataki Maji Mengi

Siku ya kupiga haro jaruba halikosi wageni. Pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ikishashuka na kuanza kuvuruga tope, yangeyange wanajipanga juu ya tuta, kwarara wanakuja na makelele yao, na watoto wa jirani wanatokea na ndoo wakitarajia kambale. Mimi huja na chupa ya chai na kiti cha plastiki. Tangu mgongo uanze kunisumbua, kazi yangu shambani imebaki kumlipa dereva na kumwonyesha kona alizoziruka.

Nikiwa kwenye kiti hicho, misimu mitatu iliyopita, ndipo nilipoanza kumfuatilia ndege anayeitwa fundi chuma. Namjua tangu utotoni. Huku Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, aliyekulia kwenye mifereji ya skimu ya umwagiliaji hawezi kusema hamjui. Ila nilikuwa sijawahi kukaa nusu saa nzima nikimwangalia mguu.

Ndiyo, mguu. Alikuwa peke yake kwenye kona ambayo pawatila ilikuwa bado haijafika, maji yakimfika katikati ya miguu. Akatanguliza wa kulia, akautikisa chini kwa chini kwenye tope, kama mtu aliyeamka usiku umeme umekatika anapapasa kandambili. Tope likapanda. Akatulia, shingo mbele, macho majini. Akasogea hatua moja, akapapasa kwa mguu wa kushoto. Safari ya nne au ya tano kitu kikachomoka, na mdomo ukawa umeshashuka zamani. Akatoka na chura amemshika paja, chura anapiga mateke hewani. Fundi chuma hakuwa na haraka. Alimpeleka ukingoni, akamgeuza mara mbili tatu hadi kichwa kikatangulia, akameza. Koo likavimba, uvimbe ukashuka taratibu. Kisha akarudi palepale alipoachia, kama fundi aliyekuwa ameitwa chai.

Kwa rangi hana cha kuringia. Ni kahawia tupu kuanzia kichwani hadi mkiani, na ukubwa wake ni urefu wa sentimita 56 hivi, uzito haufiki hata nusu kilo. Kinachomtambulisha ni kichwa. Nyuma ana kishungi kinene kilicholala kuelekea mgongoni, mbele ana mdomo mweusi uliobanwa ubavuni, na ukimtazama kwa upande unaona nyundo kamili. Kusini mwa Afrika wanamwita hamerkop, Kiafrikana hicho, yaani kichwa cha nyundo. Waswahili hawakuishia kwenye nyundo, wakampa na ufundi wenyewe.

Tuanze na huyo chura, maana bila yeye habari ya fundi chuma haieleweki. Si chura wa kurukaruka uani baada ya mvua. Huyu anaishi majini maisha yake yote, hana ulimi, na kwenye vidole vya ndani vya miguu ya nyuma ana kucha ndogo nyeusi. Ukimkamata anateleza kama sabuni. Wataalamu wanamwita Xenopus, na amewahi kuwa maarufu kuliko ndege anayemla. Kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960 walikuwa wanapelekwa Ulaya na Marekani wakiwa hai, kwa sababu ukimchoma chura jike sindano ya mkojo wa mwanamke mjamzito, anataga mayai ndani ya siku moja hivi. Ndicho kilikuwa kipimo cha mimba. Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka ungo wa mchele ukamponyoka.

Basi chura wa namna hiyo hushindwi kumpata kwa sababu ana mbio, unashindwa kwa sababu haonekani. Amekaa chini kwenye tope, rangi yake na tope ni moja, anapanda juu mara moja moja kuvuta pumzi na kuzama tena. Koikoi anayesimama kama mti akisubiri kitu kipite atasubiri sana. Ndiyo maana nikaona mguu wa fundi chuma ni kifaa cha kazi kama mdomo wake. Hasubiri chura atoke, anamtoa. Wakati mwingine naona anafungua mabawa ghafla juu ya maji, mara moja tu, halafu anayafunga, na mdomo unafuata hapohapo. Nadhani ni kitisho kilekile kwa njia nyingine: kilichojificha kikishtuka, kimejitangaza.

Ana mbinu nyingine niliyoiona mara mbili tu, kwenye dimbwi kubwa linalobaki pale mfereji mkuu unapofurika. Aliruka chinichini dhidi ya upepo, polepole mno, miguu ikining'inia, akawa anagusa maji kwa ncha ya mdomo na kuinuka, anagusa na kuinuka. Hakutua. Nilidhani anakunywa. Nilipopekua nikakuta Philip Kahl, mtaalamu wa ndege aliyewachunguza Uganda, alishayaandika haya mwaka 1967: anaokota viluwiluwi na kuwameza hukohuko hewani. Na viluwiluwi wa yule chura mwenye kucha wana tabia inayomrahisishia kazi. Hawatambai chini kama wengine. Wanaelea katikati ya maji kwa makundi, vichwa chini, wakichuja chakula chao. Kundi zima limening'inia pale kama maembe, wewe ni kupita na kuchuma.

Lakini nisimfanye ndege wa chura pekee, maana hapo ndipo ujanja wake ulipo. Anakula samaki wadogo, kamba, wadudu, hata panya akimpata. Mali, huko Afrika Magharibi, wamekuta anakula karibu samaki wadogo watupu. Palipo na viboko anapanda mgongoni kwa kiboko na kuvulia hapo, kama mtu aliyekodi mtumbwi. Anawafuata ng'ombe na nyati wakiwa malishoni ili kuokota wadudu wanaofurushwa na kwato, kazi ambayo tumezoea kuiona kwa yangeyange. Amewahi kuonekana hata akiandamana na nguchiro waliokuwa wanafukua tope kavu kando ya dimbwi la nyati, nguchiro wanafukua, vyura wanakurupuka, yeye anajipatia wake. Kwangu mimi anaifuata pawatila. Nguchiro wa chuma.

Kitu kimoja hali: mpunga. Nasema hivi kwa sababu kijana niliyemweka kuamia ndege mwaka juzi, wakati kwelea kwelea walipotuvamia mpunga ukiwa kwenye maziwa, alikuwa anamrushia mawe kwa kombeo kila akitua. Nikamwita.

"Huyo umemwona akila punje?"

"Hapana, baba. Ila ni ndege."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimpa soda, nikamwambia ale sahani moja na fundi chuma kwa amani, mshahara wake unatoka kwa kwelea kwelea.

Mzee wa zamu ya maji ndiye aliyenifungua macho kuhusu anapoishi ndege huyu. Ni mtu wa miaka zaidi ya sabini, anatembea na jembe begani hata akienda msibani, na anaijua mifereji yetu kuliko karani wa chama. Siku hiyo nimekaa kwenye kiti changu, akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Unamhesabia hatua mwenzako?"

Nikamwuliza kama fundi chuma walikuwapo kabla ya skimu. Akasema walikuwapo, ila kando ya mto Rau na kwenye vidimbwi vya masika, na kiangazi hukuwaona. Skimu ya Lower Moshi ilipojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na maji yakaanza kukaa mashambani miezi na miezi, ndipo wakawa wakazi. "Mtu wa kimo chake," akasema huku akionyesha kwa kiganja chini ya goti lake, "hataki maji mengi. Anataka maji yanayokaa."

Sijaona kitabu kilicholisema vizuri kuliko hivyo. Kwa ndege wa majini fundi chuma ana miguu mifupi, huwezi kumlinganisha na korongo wala heroe. Kina chake ni kifundo cha mguu wa binadamu, kikizidi sana anahama. Ukilishika hilo, ramani yake unaweza kuichora mwenyewe bila kwenda popote. Anza Senegali, nenda mashariki hadi Ethiopia, shuka hadi ncha ya kusini ya bara, vuka mlango wa bahari uingie Madagaska. Popote penye maji ya kufika kifundoni, awe ni mto, kijito, bwawa la umeme, mikoko, dimbwi la barabarani au jaruba la mpunga, mtafute. Mahali asipokuwapo ni jangwa, kama Sahara, pasipo na maji ya kusimama. Siku hizi hapa Tanzania ameonekana akitafuta riziki hata kwenye ufukwe wa mawe. Na kuna kipande kimoja cha ramani kinachowashangaza watu: yuko ng'ambo ya Bahari ya Shamu, kusini magharibi mwa Uarabuni, Yemen na upande wa Saudi Arabia unaopakana nayo, kwenye mabonde ya mawe yenye miti na vijito. Ndugu zetu wenye asili ya Hadhramaut wakiniambia kwao hakuna ndege wa Kiafrika, nina mmoja wa kuwatajia, japo si wa mabonde yao hasa.

Kwenye pwani ya Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone hadi Nigeria, yuko wa aina ndogo zaidi na mweusi zaidi. Kwingine kote ni yuleyule. Wengi wao hawasafiri. Jozi inashika eneo lake na kukaa hapo mwaka mzima, isipokuwa wachache wanaoingia sehemu kavu mvua zikianza na kuondoka madimbwi yakikauka.

Mlinganishe na jamaa zake uone. Katika ukoo wake yuko peke yake, hana ndugu wa karibu, na walio jirani naye zaidi kwa damu ni mwari na yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu anayeishi kwenye mafunjo ya Uganda, Sudan Kusini na Zambia. Huyo wa kiatu watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumpiga picha, kwa sababu ana masharti: anataka mabwawa mapana, mafunjo, kambale na kambaremamba, na utulivu. Heroe mdogo naye anataka maziwa ya magadi, na akikosa mwani wake anahama nchi. Fundi chuma hana mambo hayo, na asiye na masharti hapigwi picha. Mimi nawaona watalii wakipita barabara yetu, kamera zimelala mapajani, na yeye yuko mtaroni mita nne kutoka barabarani, anapapasa.

Kusema hana masharti nimetia chumvi kidogo. Msimu wa kabla ya mwaka jana nilipulizia dawa ya wadudu, nikazidisha kipimo kwa kuwa niliona aibu wadudu wangu kuhamia kwa jirani. Nilipomaliza nikasuuzia bomba kwenye mfereji mdogo unaoingia jarubani. Nilijua ni kosa, nilikuwa nimechoka na jua lilikuwa kali. Kesho yake asubuhi wale vyura wenye kucha walikuwa wanaelea matumbo juu, weupe, nilihesabu kumi na tisa upande mmoja wa tuta. Yangeyange walitua kwenye jaruba la pili. Fundi chuma alipita juu, akazunguka mara moja, akaenda zake. Jarubani kwangu sikumwona tena msimu ule wote.

Mzee wa zamu ya maji hakunigombeza. Aliangalia mfereji, akaangalia bomba. "Ukimnyima wewe atakula kwa jirani," akasema. "Tatizo ni jirani naye akinunua bomba."

Kuna jambo lililomlinda fundi chuma kuliko huruma ya wakulima, nalo ni woga. Mama yangu, ambaye jaruba hili nimelirithi kwake, hakuturuhusu hata kunyoosha kidole kuelekea kiota chake. Alisema ndege anayejengewa na ndege wenzake huyo ni mfalme, na nyumba ya mfalme haichokonolewi. Hatukuuliza zaidi. Baadaye nikagundua mama hakuwa peke yake. Madagaska waliamini anayebomoa kiota chake atapata ukoma. Kusini mwa Afrika wapo waliomhusisha na radi, na wapo waliosema akilia juu ya paa kuna msiba unakuja. Habari ya kujengewa na wenzake si ya kweli, jozi hujenga yenyewe, lakini naielewa ilikotoka. Ukikiona kiota chenyewe huamini kama ni kazi ya ndege wawili wasiofika nusu kilo kila mmoja.

Kinafika mita moja na nusu upana. Kina paa la kuba, na mlango uko upande wa chini, kinjia chembamba kilichopigwa lipu ya tope kinachopanda hadi chumbani. Wanatumia miezi mitatu hivi. Wanaweza kutia vijiti maelfu kwa maelfu, inakisiwa hadi 10,000, na juu yake mtu mzima anaweza kusimama. La ajabu ni kwamba jozi moja inaweza kujenga vitatu hadi vitano kwa mwaka, watage wasitage. Vinavyobaki vinapata wapangaji: bundi, bata bukini, kanu, nyuki, nyoka. Kwa hiyo hata woga wa mama ulikuwa na sababu, ukiingiza mkono humo hujui unamsalimia nani.

Cha kwetu kilikuwa kwenye mgunga mkubwa kando ya mfereji mkuu. Masika iliyopita, usiku wa upepo, tawi likakatika na kiota kikaanguka chote majini, kizima, kama jamanda lililopinduka. Maji yakakwama, zamu ilikuwa yetu, na majaruba ya chini yalikuwa na miche ya siku tano. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa watu sita kwenye mfereji na mapanga na tochi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa. Mama mmoja wa jaruba la jirani alisema waziwazi kwamba yeye atafungua maji, atabeba matope, lakini kijiti hata kimoja hashiki. Mwisho babu wa zamu ya maji akateremka, akasema "hodi" kama anaingia nyumbani kwa mtu, akachoma jembe. Akatoka kenge. Urefu wake sikuupima kwa sababu sikuwapo tena, nilikuwa juu ya tuta na mgongo wangu wote unaouma.

Mayai hayakuwamo, tuliangalia. Tulichokikuta ndani ya zile kuta ni vijiti vya mgunga, mabua ya mpunga, mabua ya mahindi, tope lililokauka kama tofali, kipande cha chandarua cha bluu, utepe wa mfuko wa mbegu ya mpunga ya Saro 5, mfupa wa mbuzi, na kandambili moja ya mtoto. Nilianza kuhesabu vijiti kwa ajili yenu wasomaji. Nilipofika 612 jua likatoka, dereva wa pawatila akapiga simu, nikaacha.

Rundo tuliliacha juu ya ukingo. Kuni nzuri zile, kavu kabisa, na hakuna aliyezibeba. Siku ya tatu nikaona limepungua, nikadhani kuna mtu amejikaza moyo. Nikavuta kiti. Haikupita robo saa wakaja wote wawili, mmoja akachagua kijiti, akakigeuza mdomoni, akakitupa, akachagua kingine, akaruka nacho hadi kwenye mkuyu wa ng'ambo, ambako palikuwa na jukwaa la vijiti limeshaanza. Mwenzake akabaki chini kwenye mfereji, maji kifundoni, akatanguliza mguu wa kulia.

Wiki sita baadaye rundo lilikuwa limekwisha. Kandambili waliiacha. Iko palepale tutani mpaka leo, ni ya mguu wa kushoto, rangi ya kijani. Kama ni ya mtoto wenu, njooni muichukue.